Virusi vimepita, kuvu isiingie: mwongozo kwa anayelinda mgonjwa Bukavu

Kuvu haitoki mbali. Iko kwenye udongo wa Kadutu, mtaa wa hapa Bukavu, unaoteremka na mvua, kwenye ukuta unaotoa maji toka mwezi wa tisa hadi wa tano, kwenye gunia la mihogo iliyoanuliwa kabla haijakauka. Nyingine, ile inayoitwa kandida, inaishi mdomoni na tumboni mwetu bila kutusumbua. Mtu mwenye afya anavuta mbegu za kuvu kila siku na wala hajui. Kwa hiyo sitakuambia ufukuze kuvu yote nyumbani, maana hutaweza. Nitakuonyesha mambo ambayo sisi wenyewe, kwa nia nzuri kabisa, tunamfanyia mgonjwa anayetoka kwenye Kovidi, mafua makali au surua, na ambayo yanaipa kuvu nafasi ambayo virusi peke yake visingeipa.

Somo kubwa lilitoka India mwaka 2021. Baada ya wimbi la pili la Kovidi waliandikishwa wagonjwa zaidi ya 40,000 wa mukomikosi, ugonjwa ambao magazeti yaliuita kuvu nyeusi kwa sababu nyama inayokufa puani na kwenye kaakaa hugeuka nyeusi. Kovidi ilipita nchi zote, lakini kuvu ile haikumshika kila mtu. Wengi wa walioshikwa walikuwa na sukari nyingi damuni. Wengi pia walikuwa wamemeza au kudungwa dawa za jamii ya kotizoni, zile za kuzima uvimbe, mara nyingine kwa dozi kubwa au siku nyingi kuliko inavyotakiwa, na wengine hawakuwa hata wamefikia kuhitaji oksijeni. Sukari na kotizoni: vyote viwili mtu anaweza kuvisimamia. Tuanzie hapo.

1. Kwanza jua unamlinda nani

Si kila anayepona yuko kwenye hatari sawa. Kijana aliyekuwa na mafua siku tano akapona kitandani kwake hahitaji mwongozo huu. Unayehitaji kumwangalia kwa macho mawili ni mwenye ugonjwa wa sukari, mwenye VVU ambaye hatumii dawa au aliziacha, aliyelazwa siku nyingi na oksijeni, anayemeza kotizoni kwa ajili ya asma au maumivu ya viungo, mwenye saratani, mtoto aliyekonda, na mzee mwenye meno ya bandia.

Tatizo la Bukavu, kama miji yetu mingine, ni kwamba wengi wana sukari na hawajawahi kupimwa. Kipimo cha glisemi, yaani sukari ya damuni, ni tone moja la damu ya kidole na kipo karibu kila kituo cha afya. Omba kipimwe wakati mgonjwa angali amelazwa. Ikiwa asubuhi kabla ya kula ni 126 au zaidi, kwa miligramu kwa desilita, na ikarudiwa siku nyingine ikatoka vilevile, huo ni ugonjwa wa sukari. Usiridhike na jibu la "ni ya homa tu". Homa inaweza kupandisha sukari kwa muda, ndiyo, lakini hilo ni la kuthibitisha kwa kupima tena.

VVU nayo ni virusi, na kuvu zake tunazijua tangu zamani. Mtu mzima asiye na meno ya bandia, asiyetumia kotizoni wala antibiotiki, akiota utando mweupe mdomoni usiokwisha, apimwe VVU. Usizunguke. Na mwenye VVU ambaye CD4 zake, chembe za kinga damuni, ziko chini ya 200 aombe kipimo cha damu cha kriptokoki, kuvu inayoshika utando wa ubongo. Kipimo hicho kinaweza kuiona kabla kichwa hakijaanza kuuma.

2. Deksametazoni isinunuliwe farmasini bila daktari

Hapa ndipo nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo tunapokosea zaidi.

Mwezi wa sita mwaka 2020 utafiti mkubwa wa Uingereza ulionyesha kwamba deksametazoni, mojawapo ya dawa za kotizoni, inapunguza vifo vya Kovidi. Habari hiyo ilienea hadi Bukavu, ila ilifika nusu. Nusu iliyobaki njiani ni hii: ilisaidia waliokuwa kwenye oksijeni au mashine ya kupumulia, kwa miligramu 6 kwa siku, kwa siku zisizozidi 10. Kwa wasiohitaji oksijeni haikuonyesha faida. Mwezi wa tisa mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wake: dawa hizi ni za mgonjwa mahututi au aliyezidiwa, asiyezidiwa asipewe.

Sasa angalia farmasi zetu. Deksametazoni inauzwa kwa kuhesabiwa vidonge, bila karatasi ya daktari, kwa bei ambayo hata mwanafunzi anaimudu. Kuna wanaoimeza ili wanenepe kabla ya harusi. Kuna wauguzi wa mtaani wanaoichanganya ndani ya sindano ya mafua au ya malaria, na mgonjwa anaamka kesho yake akisema amepona, ana hamu ya kula, ana nguvu. Bila shaka anajisikia vizuri! Dawa hii inazima homa na uvimbe haraka kuliko nyingine nyingi. Lakini inazima pia chembe nyeupe ambazo kazi yake ni kumeza mbegu za kuvu zinazoingia mapafuni, na wakati huohuo inapandisha sukari. Kuvu ya mukomikosi inapenda sana sukari, na inapenda zaidi damu ya mwenye sukari iliyofikia kuwa na asidi nyingi.

Kwa hiyo fanya hivi. Kila dawa inayoletwa, hata na shemeji mwenye nia njema, soma jina lake kwenye boksi au kwenye karatasi ya vidonge. Majina ya kutafuta ni deksametazoni, prednisoni, prednisoloni, betametazoni, hidrokotizoni na metili-prednisoloni. Ikiwa dawa imekuja kwenye kifuko cha plastiki bila jina, rudisha. Ukikuta mojawapo ya majina hayo, uliza maswali matatu kwa aliyeandika: ni ya nini, ni miligramu ngapi kwa siku, na inaisha tarehe gani. Andika tarehe hiyo ukutani. Siku ikifika, dawa inaisha, hata kama mgonjwa analalamika kwamba ilikuwa inampa nguvu.

Ila sikiliza na upande wa pili. Mtu ambaye amekuwa akimeza kotizoni kwa wiki tatu au zaidi, iwe kwa amri ya daktari au kwa kunenepa, asiikatishe ghafla kwa kuwa amesoma maandishi yangu. Tezi zake zimezoea kutofanya kazi, na kuacha kwa mara moja kunaweza kumwangusha kabisa. Huyo apelekwe kwa daktari apunguziwe kidogokidogo. Na amwambie daktari ukweli wote, hata ule wa vidonge vya kunenepa.

Anayevuta dawa ya asma yenye kotizoni aendelee nayo, haina ubaya huo. Asukutue tu mdomo kwa maji na kuyatema kila baada ya kuvuta.

3. Pima sukari jioni, si asubuhi peke yake

Jambo hili linapita watu wengi, hata ndani ya wodi. Mgonjwa anayepewa deksametazoni au prednisoni asubuhi, sukari yake hupanda zaidi mchana na jioni, baada ya kula. Alfajiri inaweza kuwa imeshashuka. Ukipima saa kumi na mbili asubuhi tu, utaona 105 na kufurahi, kumbe saa kumi jioni ilikuwa 290. Omba kipimo cha jioni pia, au kama saa mbili baada ya chakula cha mchana. Ikizidi 180 mara mbili, mwambie daktari siku hiyohiyo.

Kisha kuna suala la wageni. Desturi yetu ni nzuri: huendi kumwona mgonjwa mikono mitupu. Lakini tunabeba nini? Fanta, juisi ya paketi, biskuti, mkate mweupe. Meza ya mgonjwa wa siku nne inafanana na ya kwenye harusi. Kwa mwenye sukari, au aliye kwenye kotizoni, chupa hizo ni sumu iliyofungwa vizuri. Waambie watu mapema, kwa heshima, hasa wazee: "Mama, akija mtu alete mayai, sambaza, maharagwe, lengalenga, parachichi." Mama mkwe hatakasirika ukimweleza sababu, na akikasirika atapoa. Bugali isikatazwe, ipunguzwe tu kwenye sahani na mboga na samaki viongezwe. Mgonjwa anayepona anahitaji protini, na sambaza wa ziwa letu wanayo.

Dawa ya sukari aliyokuwa akimeza kabla ya kuugua isisimamishwe kimyakimya kwa sababu "amemeza dawa nyingi". Muulize daktari. Kuna ambazo husimamishwa mgonjwa akizidiwa na insulini ikashika nafasi yake, lakini huo ni uamuzi wa daktari.

4. Antibiotiki na seromu

Antibiotiki haiui virusi, hilo limesemwa sana na bado tunamaliza boksi la azitromisini kwa mafua. Kuhusu kuvu, shida ni hii: bakteria wanaoishi mdomoni, tumboni na ukeni ni kama wapangaji waliojaza nyumba, hawaachi chumba kwa kandida. Ukiwafukuza wote kwa siprofloksasini juu ya amoksisilini juu ya seftriaksoni, kandida inajitandaza. Ndiyo ule ulimi mweupe, na kwa akina mama ule mwasho na uchafu mzito mweupe ukeni wiki moja baada ya kutoka hospitali. Daktari akiandika antibiotiki kwa sababu ameona nimonia ya bakteria, mezeni zote kama alivyosema. Kinachokatazwa ni ile ya kujiandikia, na ile ya kubadilisha kila siku mbili kwa kuwa "hii haijashika".

Seromu sasa, yale maji ya kutundikwa mshipani. Watu wetu wanaamini kwamba mgonjwa ambaye hakutundikiwa chupa hajatibiwa, na vituo vingine vinaitikia kwa sababu mteja ni mteja. Kila sindano inayobaki kwenye mshipa ni njia ya moja kwa moja ya kuvu na bakteria kuingia damuni. Mgonjwa anayeweza kunywa na asitapike, anywe. Akiwa na mrija mkononi, uliza kila asubuhi: "Bado unahitajika?" Swali hilo ni haki yako na wauguzi wazuri hawachukii kuulizwa. Mrija wa mkojo uulizie vilevile. Na chupa ya seromu ya glukosi kwa mwenye sukari, bila sababu iliyoelezwa, ni ya kukataa.

5. Maji ya oksijeni

Kuna waliopona hospitali na kuendelea na mashine ya oksijeni nyumbani. Kichupa kile kinachotoa mapovu, cha kulainisha hewa, ndicho cha kuchungwa. Kwanza uliza kama kinahitajika: kwa mtu mzima mwenye mrija wa puani na mtiririko mdogo, lita 4 kwa dakika au chini yake, mara nyingi hakihitajiki kabisa. Kikihitajika, kitiwe maji yaliyotoneshwa au yaliyotakaswa ya hospitali. Ukikosa, chemsha maji yatokote vizuri na yapoe ndani ya chombo chenye kifuniko. Maji ya robine hapana, ya ziwa hapana, ya bidoni iliyokaa uani hapana, hata yakionekana meupe. Kila siku mwaga yote, osha kichupa kwa sabuni, suuza kwa maji hayohayo yaliyochemshwa, kisha ujaze upya. Usiongezee juu ya yale ya jana.

Na kwa kuwa tumetaja oksijeni: mbabula (jiko la makaa), mshumaa na sigara visiwe chumba kimoja na mashine hiyo. Hilo si la kuvu, ni la moto, lakini siwezi kulipita kimya.

6. Mdomo, kila asubuhi

Mgonjwa aliyekuwa na barakoa ya oksijeni wiki nzima mdomo wake umekauka na umechafuka. Mswaki mara mbili kwa siku, hata kama ni wewe unayemsugulia. Ule wa hospitali utupwe, anunuliwe mpya. Asukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa bilauri moja. Meno ya bandia yatoke usiku, yasuguliwe, yalale kwenye maji safi. Watu wengi hulala nayo kwa aibu, na chini yake kandida inaota bila kuonekana.

Kisha mpeleke mwangani na umwangalie ndani: ulimi, mashavu, kaakaa. Utando mweupe unaotoka ukifutwa na kuacha wekundu ni kandida, na kituo cha afya kina dawa yake, nistatini ya maji au nyingine. Doa jeusi kwenye kaakaa ni jambo jingine kabisa. Nitalirudia chini.

7. Ngozi na mafuta ya kupaka

Baada ya homa ndefu mtu ametoa jasho, amelala, hajaoga sawasawa. Vipele vya mviringo vinatoka kwenye mapaja, chini ya matiti, kwapani. Dada wa farmasi anatoa tyubu moja "inayotibu vyote". Soma: ukikuta klobetasoli au betametazoni, hiyo ni kotizoni ya ngozi. Mwasho utapungua siku mbili, kisha kipele kitatanuka na kubadilika sura hadi daktari mwenyewe ashindwe kukitambua. Mafuta mengi ya kujichubua yanayouzwa sokoni yana klobetasoli hiyohiyo, kwa hiyo anayejichubua aache. Mbadala ni rahisi: kuoga, kukausha vizuri mikunjo ya ngozi, nguo kavu, na klotrimazoli peke yake, bila mchanganyiko, hadi wiki mbili baada ya kipele kutoweka.

Waliopona mpoksi, ambayo aina yake mpya ilianza kujulikana mwaka 2023 kwa wagonjwa wa Kamituga hapa Kivu Kusini, wasipake mafuta ya kotizoni juu ya makovu au vidonda. Vioshwe kwa maji na sabuni, vikauke, basi.

8. Mtoto aliyetoka kwenye surua

Surua inafuta sehemu ya kumbukumbu ya kinga ya mtoto, na anabaki dhaifu kwa wiki nyingi, hata miezi. Mwaka 2019 hadi mwanzo wa 2020 nchi yetu, Kongo, ilipoteza watu zaidi ya 6,000 kwa surua, wengi wao watoto wadogo. Wengi hawauawi na virusi vyenyewe bali na vinavyofuata: nimonia, kuharisha, vidonda vya mdomo vinavyomzuia kula.

Hakikisha amepewa vitamini A siku mbili mfululizo kituoni. Angalia mdomo wake kila siku. Akiwa na utando mweupe, muuguzi atampa nistatini mara nne kwa siku, au dawa ya zambarau iliyozimuliwa kwa ajili ya mdomo, si ile kali ya vidonda vya mguu. Endelea kumnyonyesha au kumlisha mara nyingi kwa kidogo. Na ukiona kidonda cha fizi kinachonuka au shavu linavimba, usisubiri Jumatatu.

9. Nyumba

Hapa nitakuwa mfupi kwa sababu watu wanapoteza nguvu nyingi kwenye nyumba huku deksametazoni iko mezani. Kitanda cha mgonjwa kisiguse ukuta wenye madoa meusi. Blanketi na godoro vitolewe juani kila jua linapotoka. Nguo zisianikwe chumbani kwake. Asifagie vumbi, asipembue mihogo wala mahindi yenye ukungu, asichimbe bustani hadi awe na nguvu. Madirisha yafunguliwe, hata kukiwa na baridi ya asubuhi.

10. Alama za kukimbia nazo hospitali

Ndani ya wiki za kwanza baada ya ugonjwa, hasa kwa mwenye sukari au aliyepewa kotizoni, usingoje hata usiku mmoja ukiona:

- maumivu, ganzi au uvimbe upande mmoja wa uso
- pua iliyoziba upande mmoja, ikitoa uchafu mweusi au wenye damu
- jicho lililovimba, kope inayoanguka, au kuona vitu viwiliviwili
- doa jeusi puani au kwenye kaakaa, au meno ya juu yanayolegea ghafla
- homa na kikohozi vilivyorudi baada ya kupona, hasa chenye damu
- kichwa kinachouma siku nyingi na shingo ngumu, kwa mwenye VVU

Mukomikosi inatibiwa kwa amfoterisini B na kwa upasuaji wa kuondoa nyama iliyokufa. Dawa hiyo ni ghali na si kila hospitali inayo, kwa hiyo nenda moja kwa moja hospitali kubwa ya rufaa badala ya kupoteza siku tatu kwenye farmasi ukijaribu flukonazoli. Flukonazoli haiui kuvu hiyo.

Unapoondoka nyumbani, beba kila boksi, kila kifuko na kila chupa iliyotumika toka siku ya kwanza ya ugonjwa, pamoja na majani ya kienyeji na zile dawa ambazo mjomba alileta akisema usimwambie mtu. Andika glisemi zote ulizonazo na saa zilipopimwa. Mlangoni sema mambo matatu kabla ya kueleza historia ndefu: alikuwa na ugonjwa gani na uliisha lini, ana sukari au hapana, na amemeza kotizoni siku ngapi.